Oyugi Hakuzikwa

Kila mwaka, mwezi wa kwanza, Hulda Amondi alipanda jukwaani kusema kwamba mume wake yu hai. Alianza mwaka 2009, na kufikia 2016 alikuwa ameyasema maneno hayo mara nane, ndani ya hema la Mtume Phineas katika mtaa wa Pioneer, mbele ya watu waliotoka pande zote za Eldoret. Na kila mwaka, siku chache kabla ya ibada hiyo, shemeji yake Ondiek alisafiri kutoka Seme, kijijini kwao Oyugi, kuja kumwomba kitu kimoja: awakubalie wamzike Oyugi.

Wangezika nini na mwili haukuonekana? Wajaluo wana njia. Wanachuma tunda la yago, lile refu na zito linaloning'inia kwenye mti wake kama limefungwa kwa kamba, wanaliweka ndani ya jeneza, wanalilia, wanalizika kama mtu. Aliyepotea anakuwa amefika kwao, na mke wake anaitwa mjane. Lakini yago haliingii shimoni kama mke anasema mume anarudi. Na Hulda alisema anarudi.

"Huyo mtume wako," Ondiek alimwambia Januari hiyo ya 2017, amekaa kwenye kochi na kofia yake magotini, "si anasema alimwona Oyugi mahali penye mchanga?"

"Ndiyo, shemeji."

"Na hakumuuliza anakaa kwa nani? Hata namba ya simu hakuchukua?"

"Usifanye mzaha na mambo ya Mungu."

"Mzaha niutoe wapi? Mama ana miaka themanini na nne. Kila asubuhi ananiuliza kama mmemaliza kuomba huko Eldoret ndiyo azike mtoto wake. Nimwambie nini?"

Hulda alimwongezea chai. Ondiek akalala siku moja, akarudi Seme mikono mitupu kama miaka yote.

Oyugi alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha nguo, mtu wa maneno machache, na walikaa Kiplombe, nje kidogo ya mji. Siku ya pili ya mwaka 2008, katika fujo zilizofuata uchaguzi, nyumba za watu zikiungua huku na huku, aliazima pikapu ya rafiki, akampakia jirani yao Mama Njoki, ambaye ndiye aliyekuwa akitafutwa kwa ajili ya kabila lake, pamoja na watoto wake wawili, awafikishe kituo cha polisi mjini. "Narudi saa saba," alisema. Pikapu ilipatikana imeteketea. Yeye hakupatikana.

Hulda alizunguka hospitali, akazunguka mochari. Alifunuliwa maiti za watu, moja baada ya nyingine, mpaka akawa anaziota mchana akiwa macho. Ndipo Phineas akaja, wakati huo hana hata hema, ana suti moja nzuri na sauti. Alikuwa akiwahubiria waliopoteza watu. Alimshika Hulda kichwa kwa mikono miwili, akamtikisa, akapaza sauti: "Mume wako yu hai! Namwona! Anatembea juu ya mchanga!" Mtu aliyetoka mochari asubuhi hiyo hiyo, akiambiwa hivyo, atasema hapana?

Hakusema hapana. Akawa mama wa imani. Wanawake wengine waliopotelewa walianza kuja na picha za waume na watoto wao, wakikaa safu ya mbele, wakimtazama Hulda kama mtu anayetazama mlango.

Kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakukaa mbele. Rael, mama yake Kipkorir, mwenyeji wa Kiplombe, aliyeuza maziwa na kulima mahindi, alikaa nyuma kabisa na hakutoa ushuhuda hata siku moja. Lakini kila Ijumaa alikuja kwa Hulda na chupa ya maziwa, akapiga magoti kando ya kochi, akamshika mkono, akaomba bila kutoa sauti, midomo tu ikichezacheza. Wakati mwingine machozi yalimtoka. Hulda alizoea kumwambia binti yake Marion, "Huyo Phineas ana kelele yake, sawa. Lakini kama kuna mtu anamjua Mungu hapa kwetu, ni Mama Kipkorir."

Januari hiyo ya 2017, ilibaki siku moja kabla ya ibada. Jumamosi, saa tisa mchana, Rael akabisha hodi. Hakuwa na chupa.

"Mama Marion, leo sijakuja kuomba."

"Basi kaa. Chai iko."

"Sitaki chai." Alikaa kwenye ukingo wa kiti. "Collins tulimzika wiki jana. Ulikuja."

"Nilikuja. Pole tena kwa ndugu yako. Hizi pikipiki zitatumaliza."

"Usinipe pole." Rael alikuwa akitazama mikono yake. "Mzee wako alifika tu pale kwa machimbo ya murram, ule udongo wa barabara. Vijana walikuwa wamefunga barabara. Collins alikuwa pale."

Hulda aliweka kikombe chini.

"Walimwambia awaachie huyo mama na watoto, yeye aende zake, hawakuwa na neno na yeye. Akakataa. Alisema hao ni watu wake. Wakamshusha. Mama Njoki na watoto walikimbilia kwa miti, hao walipona, wakahamia mbali bila kuona mwisho wake. Yeye wakampiga na mawe. Wakamtupa kwa shimo, wakaangusha udongo."

"Nani alikwambia?"

"Collins mwenyewe. Jioni hiyo. Alikuja na viatu vya mzee. Mimi nilivichoma kwa jiko."

Machimbo hayo yalijazwa taka, kisha yakasawazishwa. Siku hizi pana nyumba za kupangisha, ghorofa mbili, na Hulda alikuwa amewahi kwenda pale kumwona mwanamke aliyejifungua. Alikunywa uji pale. Alicheka pale.

"Na Ijumaa zote hizo," alisema, "ulikuwa unaomba nini?"

"Nilikuwa naomba Mungu akuambie."

"Mungu aniambie. Na wewe umekaa hapo, umenishika mkono."

"Singeweza, Mama Marion. Ni ndugu yangu. Wangemfunga."

"Kwa hivyo ulingoja afe."

Rael aliinua uso kwa mara ya kwanza. "Nilingoja afe," alisema.

Hulda alimfungulia mlango. Hakumtukana, maana hakupata tusi la kumtosha.

Angeweza kumpigia Ondiek simu usiku huo na mambo yaishie hapo. Lakini alikuwa akiwafikiria wale wanawake wa safu ya mbele. Walikuwa wakingoja kwa sababu yeye anangoja. Kama yeye ndiye aliyewafunga, nani mwingine angewafungua?

Jumapili hema lilijaa hadi nje. Ilikuwa mwaka wa uchaguzi tena na watu walikuwa na hofu, na hofu hujaza kanisa. Kinanda kililia polepole. Mtume Phineas, sasa mtu wa suti nyingi, akamwita: "Mama wa imani, iambie Eldoret! Oyugi yuko wapi?"

Hulda akashika kipaza sauti. "Oyugi amekufa," alisema. "Alikufa siku ile ile aliyotoka nyumbani. Hakuna mchanga wowote aliotembea juu yake. Akina mama, rudini nyumbani mkawalilie watu wenu."

Kinanda kikanyamaza. Phineas alimsogelea, akamkumbatia kama mtu anayemfariji, na akamnong'oneza sikioni: "Mama, usiniharibie ibada." Kisha akachukua kipaza sauti, na machozi yakamtoka, machozi ya kweli, yenye maji. "Wapendwa, mmeona shetani anavyopigana na mama yetu? Miaka tisa! Nyosheni mikono! Hatutamwacha!"

Mikono mia kadhaa ikanyooshwa. Wa kwanza kusimama walikuwa wale wa safu ya mbele. Mama Wangila, mtu mzima aliyekuwa akimtafuta mwanawe, alipanda jukwaani na picha kwapani, akamkandamiza Hulda utosi kwa kiganja. "Shindwa!" alipiga kelele. "Roho ya mauti, mtoke! Mtoke mama!" Hulda alijaribu kumwambia, "Mama Wangila, nisikilize," lakini kinanda kilikuwa kimeanza tena, na ngoma, na hata yeye hakuisikia sauti yake. Alipopata nafasi alishuka kwa nyuma, akatembea kwa miguu mpaka Kiplombe.

Yago lilizikwa Seme mwezi wa tatu, mvua zikianza. Mama mzazi wa Oyugi alishikwa mkono na wajukuu mpaka kwenye shimo, na alipolia alilia kama kijana, kwa nguvu zote, ungedhani mauti yalikuja jana. Kwake yalikuwa yamekuja jana. Hulda alisimama kando yake. Kilio chake hakikuja. Kilikuwa kimetumika mahali pengine, mara nane, mbele ya watu.

Katikati ya wimbo alimwona Rael nyuma ya ua. Hakualikwa. Amesafiri mwenyewe, viatu vimejaa tope, na amepiga magoti kwenye majani yaliyolowa, midomo ikichezacheza.

"Yule ni nani?" Ondiek aliuliza.

Kama angesema, vijana wa boma wangemtoa kwa fimbo. Hulda alijua hivyo vizuri.

"Jirani yangu wa Eldoret."

"Anaonekana mtu wa maombi sana."

"Hata mimi nilimwona hivyo, shemeji."

"Na sasa?"

Hulda alimtazama Rael. Machozi ya Phineas alikuwa ameyaona kwa karibu, na yalikuwa na chumvi kama ya mtu yeyote. Haya ya Rael nayo yalikuwa yakishuka hadi kidevuni. Alijaribu kuomba yeye mwenyewe, maneno mawili matatu tu, kuuliza kama katika miaka yote hiyo kuna ombi hata moja lililofika. Hakujua amwulize nani.

"Sijui," alisema. "Siwezi kujua tena."

Wakamwita atupe udongo. Akaenda.