Wivu Unaozuiwa na Karatasi

Saa tisa mchana mama alikuwa sebuleni anachambua mchele, baba akaingia na mzigo wa kazini: kipima mionzi na ile aproni nzito ya madini ya risasi. Kazi yake hospitalini ni kukagua kuta za vyumba vya mashine zisivujishe mionzi.

Dada wawili wa baba walikuwa wamekuja kuangalia sare mpya ya mtoto wa kiume wa nyumba hii, anayeanza darasa la kwanza. Kipima mionzi kikaanza kulia, tik, tik, tik.

"Ni wivu," baba akasema, akavaa miwani. "Kaeni niwapime vizuri."

"Utupime, sisi magunia?" dada mdogo akauliza, lakini akakaa.

Wivu wa dada mdogo ulifika hatua nne, mpaka mlangoni. Baba akakinga mfuniko wa sufuria, ukakoma. "Huu ni kama mionzi ya beta," akasema. Wa dada mkubwa ulipita mfuniko, ukapita ukuta, jirani akaja kupiga hodi akiomba upunguzwe. Aproni ya risasi nayo ilipunguza kidogo tu.

"Gama," baba akasema.

"Ni tangu mwaka ule nilipotolewa darasa la sita ili wewe uingie la kwanza," dada mkubwa akasema. "Sikujua kama unavuka ukuta."

"Pole, dada." Baba akaandika kwenye daftari.

Akabaki binti yake, miaka kumi na tatu. Alikuwa amefaulu kwenda sekondari, ila baba aliona mdogo wake huyu wa kiume aanze shule kwanza, yeye asaidie nyumbani. Mama aliitikia. Kipima kilikaa kimya mpaka kilipofika vidole vitatu kutoka shavuni mwake. Hapo kikalia kama mvua juu ya bati. Baba akachukua karatasi iliyokuwa karibu, ile ya matokeo yake, akaiweka katikati. Kimya.

"Alfa. Huu hauna shida," akasema. "Haupiti hata ngozi."

"Na ukiliwa?" mama akauliza. Mikono yake ilikuwa imeacha mchele.

"Aa, ukiliwa ndio mbaya kuliko yote. Tumboni hakuna cha kuuzuia." Akakunja aproni, akairudisha kazini.

Jioni binti aliinama juu ya bakuli la mdogo wake, akapuliza supu ipoe, kama alivyozoeshwa tangu mdogo wake aanze kula.

"Acha, mwanangu," mama akasema. "Nitapuliza mimi."

"Nimekosa nini, mama?"

"Hujakosa kitu. Kanyooshe sare."

Tangu siku hiyo mama hupoza supu mwenyewe, na bakuli hufunikwa kwa karatasi ya matokeo. Mawifi wanaendelea kuja. Jirani amehamisha kitanda mbali na ukuta. Karatasi ilipoanza kulowa mvuke na kuchanika, ililetwa barua ya shule ikimtaka binti aripoti Jumatatu, mara ya mwisho. Mama aliisoma yote, taratibu, akaipapasa kwa vidole.

Ilikuwa nene kuliko ile ya matokeo. Akafunika nayo bakuli.