Mfuko wa Koti la Githinji

Ngina alipouvuta mfuko ule kutoka kwenye rundo la nguo kuukuu, aliacha kushona.

Ilikuwa Jumapili alasiri, Novemba ya 1954, katika shamba moja la kahawa nje kidogo ya Ruiru. Baada ya ibada wanawake walikuwa wamebaki kanisani kushona zawadi za Krismasi za mama na watoto wa laini, kama walivyoziita nyumba za wafanyakazi. Kitambaa kipya hakikuwapo, basi kila mmoja alileta alichoweza: gunia la unga lililofuliwa hadi likawa jeupe, pazia lililochakaa kutoka nyumba ya mzungu, suruali ya kaki iliyokwisha magotini. Vyote vilikatwa vikageuzwa mbeleko, vikoba, vishikio vya sufuria na wanasesere.

Mfuko huo ulikuwa umebanduliwa kutoka koti la kahawia. Pembe yake moja ilikuwa imeshonwa kwa nyuzi za gunia zilizochovywa kwenye chai zipate rangi. Hakuna mwanamke mwingine ambaye angeshona hivyo. Hata Ngina mwenyewe aliona aibu siku aliposhona, ila uzi ulikuwa umemwishia na mumewe alikuwa na haraka.

"Nguo hii imetoka kwa nani?" aliuliza.

"Kwa Apiyo," akajibu Magdalene, mke wa karani, aliyekuwa kiongozi wao. Hakuinua macho. "Mbona? Ina chawa?"

"Hapana. Nauliza tu."

Aliusokomeza mfuko kifuani, chini ya kanga ya mtoto. Upande wa pili wa benchi, Apiyo alikuwa akikata mkono wa koti la kahawia huku akiimba polepole.

Githinji, mumewe, alikuwa ameondoka Aprili kwenda Thika kumpelekea fundi viatu, naye alikuwa amevaa koti hilo. Hakurudi. Nyapara Kagwe alisema ameingia msituni kwa wapiganaji. Wengine walinong'ona kwamba alionekana juu ya lori, amefungwa. Mama mmoja alimwambia asijisumbue, maana mto Chania siku hizo ulikuwa ukichukua watu wengi. Mtoto alizaliwa Julai bila baba. Ngina akaacha kuulizia, kwani wakati ule wa Emajensi, hali ya hatari iliyotangazwa na serikali, mtu aliyeuliza sana naye aliulizwa.

Lakini sasa alikuwa na mfuko, na usingizi ukampotea.

Dalmas, mume wa Apiyo, alifanya kazi Thika. Kazi gani? "Ya serikali," Apiyo alikuwa akisema, basi. Kila Jumamosi alishuka kwenye gari la moshi na furushi kwapani. Wakikuyu walitafuta pasi hata ya kwenda mtaa wa pili. Dalmas, kwa kuwa ni Mjaluo, alipita tu, askari wakimsalimu. Ngina alijiuliza: nani hupewa nguo za waliokamatwa? Si yule aliyewaonyesha kwa kidole?

Alikumbuka siku ya msako. Askari waliwapitisha wafanyakazi mmoja mmoja mbele ya mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Akitikisa kichwa, umekwisha. Hakuna aliyejua nani alikuwa ndani ya gunia.

Jumapili iliyofuata Ngina alikaa karibu na Apiyo makusudi. Apiyo alikuwa na kipande cha gunia mapajani, naye alikuwa akikitoboa matundu mawili kwa sindano nene.

"Hayo matundu ya nini?" Ngina akauliza. Sauti ilimtoka kali kuliko alivyotaka.

"Macho ya mwanasesere, Mama Njoki. Natia vifungo hapa." Apiyo akacheka. Kisha akatoa kitu kwenye kikapu chake. "Na hii nimekushonea wewe. Ya kumbebea Njoki."

Ilikuwa mbeleko nzuri, viraka vya kaki na buluu vilivyopangwa kwa ustadi. Ngina akashukuru. Alipofika nyumbani aliifumua mshono kwa mshono akitafuta asichokijua. Hakuona kitu. Aliisukuma chini ya kitanda, asimbebee mtoto kitambaa cha watu waliokufa.

Alhamisi alimwambia nyapara kwamba Njoki ana homa. Wenzake walipokwenda kuchuma kahawa, alimwachia jirani mtoto, akaenda moja kwa moja kwa Apiyo. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba tu. Furushi lilikuwa nyuma ya mtungi. Alilifungua: mashati, kaptura, fulana, koti lisilo na kola. Zote za wanaume, hakuna hata moja ya mwanamke wala ya mtoto.

Mwanga ukapungua ndani ya nyumba. Dalmas alikuwa amesimama mlangoni, akitoka chooni, blanketi mabegani, macho mekundu kwa malaria. Ngina hakujua kwamba hakwenda kazini wiki hiyo.

"Mama, unatafuta nini kwangu?"

Kukimbia kusingewezekana. Ngina aliutoa mfuko kifuani akauinua.

"Mwenye hii koti ni bwana yangu. Niambie mlimfanya nini."

Dalmas akageuka nyuma, akatazama huku na huku, kisha akaingia na kurudisha mlango. Ngina akashika mchi uliokuwa pale. Dalmas aliuona, lakini hakusogea. Akaketi chini, mgongo ukiegemea ukuta.

"Mimi nachoma takataka," alisema. "Kule kambini, mahali pa kuchuja watu, nani muasi, nani si. Wale wanaopelekwa mbali wanavuliwa nguo, wanapewa kaptura ya kambi. Nguo zao ninaambiwa nichome, eti zina chawa. Sasa kaki nzuri hivi, mama, nichome? Ninachota kidogo, Apiyo anachemsha, anashona. Wakijua, na mimi ninapanda hiyo lori."

"Unasema hivyo kwa sababu nimekushika."

"Ninasema kwa sababu umeingia. Nitafanya nini tena?"

"Huyu wa koti. Ulimwona?"

Dalmas akauchukua mfuko, akaugeuza, akaugusa ule uzi wa gunia. Ngina akaanza kuona kwamba anatunga uongo.

"Watu ni wengi, sitakudanganya," akasema. "Lakini mmoja alikataa kuvua koti. Wakampiga. Aliponipa mkononi akaniambia kwa sauti ndogo, 'Ukipata kuonana na mke wangu, mwambie hii sikuipoteza kwenye pombe.' Nikafikiri amerukwa na akili. Jina hakusema, na mimi sikuuliza. Kule hatuulizi."

Mchi ukamtoka Ngina mkononi.

Mwaka mmoja kabla, Githinji alikuwa amerudi kutoka Thika amelewa, kifua wazi, koti lake la kwanza limebaki kilabuni. Ngina alimfokea mpaka majirani wakatoka nje. Hilo la kahawia alinunuliwa kwa sharti kwamba likipotea, asirudi. Jambo hilo Dalmas asingelijua, kwani wakati huo yeye na Apiyo walikuwa hawajahamia Ruiru.

"Alipanda lori kwa miguu yake?"

"Kwa miguu yake. Kambi ya Manyani, walisema. Ilikuwa Juni."

Ngina alilia hapo hapo, mbele ya mwanamume asiye wake, bila kujifunika uso. Kisha akalifunga furushi kama lilivyokuwa, akalirudisha nyuma ya mtungi.

Alipotoka, Magdalene alikuwa bombani na ndoo yake.

"Haiya, Mama Njoki! Si mtoto ana homa? Ulikuwa unafanya nini kwa Apiyo, na mwenyewe yuko shambani?"

"Niliomba mkasi."

Magdalene alitazama mikono yake mitupu. "Na hukuupata?"

"Sikuupata."

Tangu siku hiyo Magdalene alimwangalia kwa jicho la pembeni, naye Ngina akajua ladha ya kutazamwa hivyo. Siri ya Apiyo ilikuwa yake sasa. Jumapili aliketi ubavuni pa Apiyo, wakashona bila kutaja neno, ila aliishona upya ile mbeleko mbele ya watu wote, polepole, na kumfungia Njoki mgongoni.

"Imekufaa?" Apiyo akauliza. Bila shaka Dalmas alikwisha kumwambia.

"Imenifaa, dada. Nisamehe kuifumua."

Krismasi zawadi ziligawanywa. Mtoto wa nyapara Kagwe alipata mwanasesere aliyevaa koti dogo la kahawia, akakimbia naye uani akifurahi. Ngina alimtazama mpaka alipopinda kona.

Githinji alirudi mwaka wa 1957. Ngina alimwona akija kwa njia ya stesheni, amekonda, mwendo umebadilika, lakini hakumkimbilia. Alisimama kwanza amtazame vizuri, uso, mikono, miguu, kwa maana miaka ile ilikuwa imemfundisha kutosadiki kitu kabla hajakigusa. Akamshika kiganja, akakibana.

"Ni mimi," Githinji akasema.

"Ngoja," akajibu Ngina, bado amekishika. "Ngoja kidogo."