Kitanda Kiende, Mie Naenda Sokoni

"Basi mfungie kabatini kabisa, tujue moja!" Sesilia alisema, ufagio kwapani, mkono kiunoni. "Maana kumhamishia mama yako Chamazi na kumfungia kabatini ni kulekule, tofauti ni geti tu."

"Usinipigie kelele mbele za watu," Kasiani mumewe alijibu.

"Watu gani? Jonas huyu?"

Jonas, dereva wa kirikuu, kile kigari cha kubebea mizigo, alikuwa barazani na kikombe cha chai ya mwenye nyumba, akijifanya anasoma simu iliyozima tangu jana. Garini mwake kitanda cha Bibi Anna, mama yake Kasiani, kilikuwa kimeshafunguliwa mbao na kufungwa kamba. Godoro lilisimamishwa kando yake kama abiria aliyekosa siti.

"Mama yangu hachezewi," Kasiani aliendelea. "Nimeambiwa na mtu wa mtaa huuhuu. Bi Hija kamwambia Mama kuna mtaro mbele, Mama karuka, baraza zima likaangua kicheko. Mtu mzima, haoni, anarushwarushwa kama chura!"

"Hija ni mtani wake. Ulitaka amwambie nini, pole?"

"Utani una mipaka."

"Mipaka ya utani unaijua wewe, unayeondoka kabla ya adhana na kurudi watu wamelala? Mtaa umezaliwa humu lakini siku hizi unaupita tu, kama mgeni anayeuliza njia."

Hilo lilimchoma, akamkazia macho. Sesilia aliona limechoma, na hakuomba radhi. Hakuwa mtu wa kumpaka mgonjwa asali kwenye kidonda. Kazini kwake zahanati walimpenda kwa hilo, na walimkwepa kwa hilohilo.

Si kwamba aliichukia nyumba ya Chamazi. Vigae vya lile jiko alivichagua yeye, akamrudishia fundi boksi zima lililokuwa na rangi tofauti. Tofali nyingine alizibeba kwa mikono yake. Lakini Pasaka walimpeleka Bibi Anna akalale kule, ajaribu. Asubuhi bibi alitoa kigoda, akakaa na kuelekeza uso mbele, akisubiri wapita njia. Akakaa mpaka jua likawa kali. Sesilia alipomfuata alimkuta kautazama ukuta wa uzio. "Mkwe," bibi aliuliza taratibu, "watu wa huku wamehama?"

Kasiani hakulisikia swali lile. Alikuwa nyuma, anafunga tangi la maji.

Hapa Temeke nyumba yao ni ile ya zamani, vyumba vitatu huku, vitatu kule, ukumbi katikati, baraza mbele. Marehemu baba yake Kasiani aliijenga alipotoka Songea, wakati mtaa wenyewe ungali na mikorosho. Nyumba zote za njia ile zimepangana hivyohivyo, baraza kwa baraza, karibu kiasi kwamba ukipiga chafya, wa ng'ambo anakwambia afya. Kanisa, msikiti, zahanati, mashine ya kusaga na soko vyote vya miguu. Sesilia hajawahi kupanda gari kwenda kazini tangu aolewe, na viatu vyake vinajua njia kuliko yeye.

Walipokuwa wanatazamana hivyo, Bibi Anna akatokea ukumbini. Kanga mbili, kikapu, fimbo. Presha ya macho ilimwachia mwanga na vivuli tu, basi.

"Mmemaliza?" aliuliza.

"Bado, Mama," Kasiani alisema.

"Haya, endeleeni. Mie nafuata nyanya."

Akashuka ngazi ya baraza bila kuipapasa, akaenda zake.

Kasiani alitaka kumkimbilia. Sesilia akamzibia njia kwa ufagio.

"Mfuate, lakini usimshike. Usimwite. Mwangalie tu mpaka sokoni. Ukirudi na moyo huohuo, godoro nitalifunga mie mwenyewe, na Chamazi naenda bila neno."

"Bila neno? Wewe?"

"Jaribu uone."

Wakamfuata kwa nyuma, mume na mke, wakinyata kwenye mtaa wao wenyewe.

Fundi Fakihi ndiye aliyekuwa wa kwanza. Cherehani yake iko kwenye kona, na hakuinua hata kichwa. "Shikamoo Bibi Anna!"

"Marahaba. Cherehani yako inalia, itie mafuta," bibi alijibu, na palepale akakata kulia. Kwake, sauti ya Fakihi ndiyo kona.

Mbele kidogo mwanamke aliyekuwa anachoma vitumbua akapaza sauti: "Bibi, pita kushoto, leo nimetoa jiko nje!" Bibi akapita kushoto. Kijana wa bodaboda akazima injini na kuisukuma pikipiki kwa miguu mpaka bibi akapita. Mtu akasogeza benchi. Mwingine akaokota ndoo. Hakuna aliyesimama kumwonea huruma. Waliendelea na mazungumzo yao, mikono ikisafisha njia kama inavyofukuza nzi. Kwenye mtaro wa kweli, ule mpana wa maji ya mvua, wanaume waliokuwa wakicheza bao waliitikia salamu yake, na mmoja akaongeza, "Ubao upo, bibi, nyooka hivyohivyo." Akanyooka, akavuka.

Kasiani alipunguza mwendo. "Wamepangwa?" alinong'ona.

"Nani awapange? Ni asubuhi tu."

Ndipo wakafika kwa Bi Hija. Mwanamke mnene, Mngindo wa Liwale, kajaa barazani kwake akipeta mchele. Wangindo na Wangoni ni watani toka enzi za mababu. Kwao heshima bila tusi dogo ni kama mchuzi usio na chumvi. Alipomwona bibi, uso ulimng'aa.

"Mngoni! Simama! Mtaro huo mbele yako! Ruka, mla panya wee!"

Barabara pale ilikuwa tambarare kama meza.

Kasiani alikunja ngumi. Sesilia akamshika mkanda.

Bibi Anna alisimama. Akaweka kikapu chini. Akapandisha kanga, akayumba nyuma, akaruka, mruko mdogo wa miguu miwili, akatua na kujishika kwenye fimbo. Baraza likalipuka. Naye akacheka mpaka machozi, meno yake machache yote nje.

"Hija," alisema alipopata pumzi, "mtaro uko kule kwa wacheza bao. Niliuruka na mimba tumboni. Hapa hapajawahi kuwa na mtaro. Naruka ili ucheke, maana mumeo hana hata kimoja cha kukuchekesha."

"Ooo! Kaniua!" Bi Hija alijipigapiga magotini, mchele ukamwagika. "Kaniua mchana kweupe!" Kisha jicho lake likamwangukia Kasiani nyuma ya nguzo ya umeme. "Na yule? Mngoni mwingine! Anamnyatia mama yake kama mwizi wa kuku!"

"Nimemsikia tangu nyumbani," Bibi Anna alisema bila kugeuka. "Nani mwingine anavaaga viatu vya ngozi Jumamosi?"

Kasiani alijitokeza, jasho usoni. "Shikamoo, Bi Hija."

"Marahaba, mwizi."

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "kitanda kimeshapakiwa. Jonas anasubiri."

"Kitanda kiende," Bibi Anna alijibu. "Mie naenda sokoni."

Akaokota kikapu. Mbele yake sauti nyingine ilikuwa imeshaanza, "Shikamoo bibi, nyanya zimeshuka mbichi kabisa!" naye akaifuata.

Kasiani alibaki kasimama katikati ya njia. Sesilia alikuwa na maneno ya kutosha mdomoni, akayameza. Ahadi ni ahadi. Alimwona mumewe akimsindikiza mama yake kwa macho, mpaka ile fimbo ikapotea kati ya matenga.

"Kule nani atamwambia apite kushoto?" Kasiani aliuliza. Hakuwa anamuuliza mtu.

"Mngoni!" Bi Hija alifoka. "Unaniziba upepo. Ruka mtaro upite!"

Kasiani alimtazama. Akatazama barabara tambarare. Kisha, na viatu vyake vya ngozi, baba mzima mwenye kitambi, akaruka. Watoto wa Bi Hija walipiga kelele kama wamefunga goli.

Alikuwa bado anahema alipotoa simu. "Dalali? Ile nyumba ya Chamazi, tafuta mpangaji. Ndiyo, leo. Mwenye watoto na gari. Hapana, sihamii tena." Akaikata, akageuka kuelekea nyumbani kwa hatua ndefu, Sesilia akikazana kumfikia.

"Na vigae vyangu?" alimuuliza.

"Nitakuwekea hapa. Uchague mwenyewe."

"Nitarudisha boksi la kwanza, ujue."

"Najua."

Jonas aliwaona wanakuja akasimama, akamimina mabaki ya chai chini. "Tunaondoka, bosi?"

"Shusha," Kasiani alisema, na kabla Jonas hajauliza kitu, alikuwa ameshafungua kamba, amelitwika godoro kichwani na anaingia nalo ukumbini.