Waya Ulioandikwa WIFI

Mita ilisoma kumi na moja nukta nne. Niliizima, nikaiwasha, nikabana upya ncha zake kwenye vichwa vya betri. Kumi na moja nukta nne. Betri iliyoshiba hukaa juu ya volti kumi na mbili na nusu, hilo hata mimi mshona mashuka nalijua, na hii ilikuwa na wiki tatu tu tangu itoke dukani.

"Imekufa hii," fundi akasema.

"Imekufaje? Hata ile ya kwanza ulisema imekufa."

"Na ilikuwa imekufa kweli. Betri za siku hizi, mama, ni majina tu. Nakwenda kukutafutia nyingine. Bado kidogo tutamaliza."

Mtaani tunamwita Bado Kidogo, na jina hilo hakupewa kwa kuonewa. Mara tatu amekuja, mara tatu amepima palepale na kuniachia alama za viatu vya grisi kwenye zulia lilelile la gari. Nilikuwa nimemchoka mpaka kikohozi chake kilinikera.

Kabla hajatoka alipiga magoti, akaingiza mkono chini ya kiti cha abiria, akavuta waya mweusi uliofungwa tepu mwishoni. "Na huu je?"

"Huo wa waifai," nikamjibu. "Kile kidude chake nilishakitoa."

Akageuza kibandiko, akasoma herufi kubwa alizoandika marehemu mume wangu: WIFI. "Kweli. Achana nao." Akaurudisha chini ya kiti, akapanda pikipiki yake, akaenda zake.

Ilikuwa saa mbili asubuhi. Saa sita mchana tulitakiwa tuwe barabarani.

Nieleze kwanza habari ya gari lenyewe. Lilikuwa basi dogo bovu ambalo mume wangu alilileta uani akaling'oa viti, akaliwekea vitanda viwili, jiko, tangi la maji na betri ya pili kwa ajili ya mambo ya ndani. Miaka miwili kila Jumamosi na Jumapili alikuwa humo. Mimi nikalibatiza Nyumba Ndogo, na majirani wakalidaka jina hilo kwa furaha. Nikiulizwa mzee yuko wapi, najibu yuko kwa nyumba ndogo, na wageni wasiojua wananionea huruma.

Alilitengeneza kwa ajili ya mama yake. Mama mkwe wangu mchana anahema kama watu wengine, lakini akilala lazima alale na mashine ya oksijeni, na mashine inataka umeme usiku kucha. Sasa dada yake, aliyebaki peke yake katika tumbo lao, alikuwa kitandani mwendo wa siku mbili kutoka kwetu, na alikuwa ametuma ujumbe: mwambieni aje nikiwa bado namtambua. Ndege daktari alikataa. Basi la abiria na mashine ile, wapi na wapi. Ilibaki Nyumba Ndogo, na juzi tulipoijaribu, mashine ilipiga kelele na kuzimika kabla saa mbili hazijapita. Mama aliivua ile mirija puani polepole, akaniambia, "Basi, mwanangu. Tutampigia simu." Mimi nikasema simu haishiki mtu mkono. Nilisema kwa ubabe, na sasa ubabe wenyewe ulikuwa unasoma kumi na moja nukta nne.

Niliamua kuanza mwanzo mwenyewe. Niliwasha injini, nikapima betri ya mbele. Kumi na nne nukta mbili, safi kabisa, inakula chaji mpaka inacheua. Nikakimbia nyuma, nikapima ya pili. Ngoma ileile. Kwa hiyo umeme ulikuwepo, ila ulikuwa haufiki nyuma, na kama haufiki, hata ningenunuliwa betri kumi zote zingekufa na Bado Kidogo angezika zote.

Nikatoa fyuzi moja moja, nikazitazama kwenye mwanga. Nzima. Nikasugua vichwa vya betri kwa msasa mpaka vikang'aa. Nikaingia chini ya gari, nikakaza ile boliti ya arthi, inayofunga waya wa betri kwenye bodi, spana ikateleza, ngozi ya kidole ikatoka. Hapo mori ukanipanda. Nilimtukana mume wangu kwa sauti, miezi minane yuko kaburini, nikamwambia amekufa akaniachia mafumbo badala ya gari, na mtu mwenye akili huacha mchoro.

"Mtukane tu," mama akasema. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango, mkoba wake wa safari mapajani tangu alfajiri. "Mimi nilimtukana sana akiwa hai, na hakuacha mchoro vilevile."

Nilicheka nisitake, kisha nikalia kidogo, kisha nikajifuta kwa kiwiko kwa kuwa mikono ilikuwa michafu.

Mchoro alikuwa nao, tatizo uko wapi. Alikuwa na daftari ndani ya kisanduku chake cha zana, na kisanduku kilichukuliwa na dada yake kesho yake ya maziko. Aliingia uani, akakibeba, akatoka, bila hodi wala samahani. Mimi nikamfuata mpaka barabarani, na mbele ya watu waliokuja kutupa pole nikamwambia: "Aliyekufanya uwe wifi yangu tumemzika jana. Kuanzia leo hapa huna wifi." Aliniangalia, akaondoka. Tangu siku hiyo akija kumwona mama yake huja mimi nikiwa kazini. Kusema kweli, kila mita iliposoma vibaya nilimlaani yeye. Angeacha lile daftari, nilijisemea, sasa hivi tungekuwa tumefika.

"Soma hivyo vibandiko," mama akasema. "Alikuwa anaandika kila kitu."

"Ni upuuzi mtupu, mama. Ni utani wake."

"Soma hivyohivyo."

Nikasoma nikiwa nimenuna. Betri ya mbele, MUME, kwa kuwa ndiye anayehangaika na injini. Betri ya nyuma, MKE, kwa kuwa ndiye anayeendesha nyumba. Waya wa taa, WATOTO, kwa kuwa hawazimi. Waya wa redio, SHEMEJI, akimsema kaka yangu asiyejua kunyamaza. Waya wa mashine ya oksijeni, MKWE, na chini yake kwa herufi ndogo, usiguse. Nikafika chini ya kiti cha abiria.

"Na huu wa waifai, ambao hauna kazi."

"Wa nani?"

"Waifai, mama. Intaneti. Kile kisanduku cha taa za kijani kilichokuwa hapa juu ya rafu. Nilikitoa mwenyewe baada ya msiba."

"Hebu nione." Nikaunyoosha waya mpaka kwenye ngazi. Mama akavaa miwani, akasoma kwa kidole, herufi kwa herufi, kama alivyofundishwa shuleni zamani zile. "Wi. Fi. Wifi."

"Ndiyo, lakini inatamkwa..."

"Mwanangu, humu kuna mume, kuna mke, kuna mkwe, kuna shemeji. Intaneti inaingiaje kwenye familia?"

Nikavisoma vibandiko vyote upya.

"Siku anauvuta huo nilikuwepo," akaendelea. "Dada yake alikuwa amelala chali hapo ndani amemshikia tochi. Akamuuliza, huu unatoka kwa mume unampelekea mke, tuuite nani? Binti yangu akasema, uite wifi, maana barua zako zote za uchumba nani alikuwa anazibeba? Walicheka mpaka nikaacha chungu motoni nije kuangalia kuna nini."

Nikautazama ule waya. Ulikuwa mnene kama kidole changu cha mwisho. Intaneti gani duniani inahitaji waya mnene vile? Sikujiuliza. Siku ile nilipokitoa kile kisanduku cha taa za kijani nilikuwa na hasira, nilikuwa natupa nje kila kilichokuwa na jina lile au kilichofanana nalo, nikauminya kwa koleo mpaka ukakatika karibu kabisa na kichwa chake, nikaufunga tepu na kujiona hodari. Halafu nikanunua betri, nikamchosha fundi wa watu, nikamlaani mtu, nikamtukana marehemu.

Nilibandua tepu. Nilijaribu kuzungusha nyuzi zile tupu kwenye boliti ya betri ya mbele na kuzikaza. Nilipowasha injini mita iliruka hadi kumi na tatu, kisha nyuzi zikachomoka, cheche zikaruka, harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa ndani. Nikazima haraka. Waya wa namna ile hautaki ujanja. Unataka kichwa kipya cha shaba, kibanwe kwa lile koleo kubwa la kazi hiyo, na koleo lilikuwa kwenye kisanduku cha zana.

Saa nne na robo. Bado Kidogo nilimpigia, akasema yuko njiani, na nyuma yake nikasikia mtu anaagiza chai.

Mama alifungua mkoba wake, akatoa simu yake ya vitufe, akatafuta jina, akanipa ikiwa tayari inaita. Nilitaka kuikata. Nilimwona anavyoitazama barabara, nikaiacha iite.

"Shikamoo mama," sauti ikasema.

"Ni mimi."

Nikasikia anafunga mlango.

"Lile koleo la kubania vichwa vya waya," nikasema. "Lipo kwenye kisanduku?"

"Lipo."

"Nalihitaji. Mama hawezi kuondoka bila hilo."

"Nakuja," akasema, akakata.

Alifika hata nusu saa haijaisha. Kisanduku alikuwa amekifunga kwa shuka, na kwa namna alivyofungua lile fundo kwa meno nilijua lilikuwa halijafunguliwa muda mrefu. Hakuwa amekichukua ili akitumie. Miezi minane niliamini kwamba alitaka zana. Alimwamkia mama yake, akanipita mimi, akalala chali palepale chini ya kiti alipowahi kulala, akanyoosha mkono bila kunitazama. Nikampa tochi.

Nilisikia anasogeza nyaya. Nilipoinama nilimwona ameushika ule waya, anakifuta kibandiko vumbi kwa kidole gumba. Akakitazama kibandiko, akaitazama ile ncha iliyokatwa.

"Nani kanikata?" akauliza.

Ningeweza kusema fundi. Bado Kidogo hakuwepo kujitetea, na yeyote angeliamini hilo.

"Mimi," nikasema. "Ni mimi niliyekukata, wifi."

Nilimsikia anavuta pumzi, mara moja, mara mbili, kama mama anavyovuta usiku. Kisha mkono wake ukatoka chini ya kiti, na tochi ndani yake.

"Shika wewe tochi, wifi," akasema. "Na usiitikise, nafanya kazi."

Nikalala chali kando yake. Akamenya waya, akakivisha kichwa, akakibana mara tatu kwa nguvu zake zote, mimi nikimulika. Tulipotoka kwenda kupima, mama alikuwa ameshahamia kiti cha mbele na ameshazungusha ufunguo mwenyewe. Mita ilisoma kumi na nne nukta moja, na yeye alikuwa anapiga honi, anauliza tunangoja nini.