Nyayo za Mafuta ya Nazi

"Wakazi wote wanaarifiwa kwamba yeyote anayepita ngazini, kati ya ghorofa ya tatu na paa, akiwa na mafuta ya nazi miguuni, akome mara moja. Wasiohusika wasamehe usumbufu. Kamati ya Jengo."

Tangazo lilibandikwa penye mita za umeme, mahali ambapo kila mtu hupita na hakuna asomaye. Mkaguzi wa ghorofa ya tatu alilisoma mara mbili. Kabla ya kustaafu alikuwa akikagua mizani za sokoni, na kazi hiyo haikumwachia imani katika kitu chochote kisichoweza kulalia sahani na kuiinamisha.

Marehemu mkewe alikuwa na vipimo vingine. Alifuata Ayurveda, elimu ya kale ya tiba ya Kihindi isemayo kwamba kila mwili una moto wake, na kwamba msimu wa joto ukiingia moto huo hupanda mpaka kichwani usipotulizwa. Basi aliutuliza. Aliloweka mbegu za giligilani usiku, akanywa maji yake asubuhi. Pilipili aliipiga marufuku. Mchana wa jua kali hakugombana na mtu, hata mwenye nyumba. Alfajiri alisugua nyayo zake kwa mafuta ya nazi, kidole baada ya kidole, kisha akapanda pekupeku kutembea juu ya saruji ya paa ikiwa bado baridi.

"Maji ya giligilani hayajamnufaisha mtu ila muuza giligilani," Mkaguzi alikuwa akimwambia.

"Wewe pima vitunguu vya watu, mume wangu. Mwili niachie mimi."

Akamwachia. Msimu wa joto uliopita moyo wake ulisimama akiwa usingizini, miguu ikinukia nazi. Watu wa mazishi walingoja Mkaguzi aseme neno lake kuhusu giligilani. Hakulisema.

Sasa joto lilikuwa limerudi, na nyayo nazo. Asubuhi ziling'aa ngazini, ndogo, kisigino cha kushoto kikielekea nje, kama alivyokanyaga marehemu tangu ujana wake. Zote zilipanda. Hakuna hata moja iliyoshuka. Mkaguzi aliitoa kabatini chupa ya mafuta aliyoiacha mkewe, akaipima jioni, akaipima tena asubuhi. Haikupungua. Mtu mwingine angefarijika.

Hakuamini mizimu. Alianza tu kuamka mapema.

Siku ya kikao cha kamati kuhusu nyayo hizo, wakazi walikusanyika chini ya ngazi.

"Nimeshuka kwa makalio, beseni la nguo mapajani," alisema Mama Pacha wa ghorofa ya nne, aliyezoea kumwita marehemu dada, "na wanangu wote wawili wakashangilia."

Mwenyekiti, karani aliyestaafu kazi bila kustaafu kuamrisha, alikuwa na kufuli mpya mkononi. "Tunafunga mlango wa paa. Asiye na pa kwenda hapandi."

Mkaguzi aliitazama kufuli. Mlango ukifungwa, nyayo zingekoma. Au zisingekoma: zingefika mlangoni na kusimama pale, kila asubuhi, zikingoja kufunguliwa. Hakujua lipi lilikuwa baya zaidi.

"Ni zangu," akasema.

Mama Pacha akamgeukia. "Wewe, shemeji? Uliyemcheka dada yangu mpaka akaenda zake?"

"Joto limenizidi."

"Vua viatu tuone," alisema Mwenyekiti.

Akavua. Asubuhi ile, akilitarajia hilo, alikuwa amejipaka mafuta ya chupa ile kwa mara ya kwanza maishani mwake. Ubaridi ulimpanda hadi magotini, akabaki kitandani kitambo, hawezi kuusadiki wala kuukana. Wakapanda wote hadi penye alama. Akakanyaga kando. Unyayo wake ulionekana kama sinia kando ya kisahani.

"Shemeji," Mama Pacha alisema taratibu, "huu mdogo si wako. Huu naujua."

Maisha yake yote ya kazi Mkaguzi alikuwa amewashtaki watu kwa mawe ya mizani yaliyotobolewa na vibaba vya kitako kinene. Sasa alinyoosha mgongo, akatumia sauti ile ile ya sokoni.

"Ni mguu mmoja. Ukipoa husinyaa, ukipata joto hutanuka. Ndivyo elimu hiyo inavyofundisha."

Haikufundisha hivyo.

"Kama ndivyo, basi ndivyo," alisema Mama Pacha. Hakuutazama uso wake. Aliutazama ule unyayo mdogo. "Lakini ukipita mlangoni kwangu, uwe unanisalimia."

Mwenyekiti akairudisha kufuli mfukoni, na jioni tangazo jipya likachukua nafasi ya lile la kwanza:

"Kamati imechunguza na kuridhika kwamba nyayo zote ni za mpangaji wa ghorofa ya tatu, ambaye anaagizwa kuvaa ndara. Mlango wa paa utaendelea kuwa wazi. Nyayo zitakazoonekana baada ya leo, za ukubwa wowote, zitahesabiwa kuwa zake. Shauri limefungwa."