Mteja wa Ishirini na Tano

Verna Tackett alipiga pasi gauni lake la bluu mara mbili asubuhi ile, na bado kola haikutulia. Halikuwa na mwenzake, na wiki nzima lilikuwa limetembea naye mitaa ya watu. Alipanga maboksi matatu ya vidonge ndani ya mkoba, akaweka juu yake kile kitabu kidogo chenye jalada la kijani, kisha akavifuta viatu vyake kwa kitambaa cha jikoni.

Mumewe, Loyd, alikuwa mezani akila mkate wa mahindi na maharage ya jana. Kiwandani walikuwa wamempunguzia siku za kazi, sasa alifanya tatu kwa wiki.

"Umebakiza mmoja?" aliuliza.

"Mmoja tu. Ishirini na nne ninao."

"Na ukimkosa?"

"Nikimkosa hadi saa kumi na moja leo, majina yote yanarudi kwa Bwana Prewitt."

"Wateja uliowatafuta kwa miguu yako mwenyewe?"

"Ndiyo mpango, Loyd. Miezi mitatu, wateja ishirini na tano. Nilisaini."

Loyd aliokota boksi moja, akalinusa. "Alfalfa hii. Kule Arkansas baba alikuwa anawapa ng'ombe gunia kwa gunia. Sijasikia ng'ombe aliyeambiwa alipe dola kumi na tisa na nusu kwa mwezi."

"Rudisha boksi."

"Na walikuwa na afya, haki ya Mungu. Mmoja alimpiga teke mchungaji wetu."

Verna hakucheka. Wakati wa vita alikuwa kiwandani akigongelea misumari mbawa za ndege za kivita, akipata mshahara wake mwenyewe kila Ijumaa. Vita vilipokwisha wanaume walirudi, na wanawake wakaambiwa ahsanteni, nendeni mkapike. Mkapike nini? Tangu serikali iache kudhibiti bei mwaka jana, nyama ilikuwa imekuwa kitu cha kutazama dirishani, na maziwa yalipanda hata katikati ya wiki. Maji yalikuwa yamezidi unga katika nyumba nyingi za kwetu Bell Gardens, huku California, na ndipo Bwana Delbert Prewitt alipofika na gari lake la rangi ya krimu na kampuni yake ya Verdalfa.

Kampuni hiyo haikuwa na duka hata moja. Haikuajiri muuzaji, haikulipa mshahara, haikutoa hata nauli. Wewe uchukue vidonge kwa deni, ukauze nyumba kwa nyumba. Ukifikisha wateja ishirini na tano wa kila mwezi unaitwa msambazaji, unapewa beji, na unaruhusiwa kuwa na wauzaji wako chini yako, nao wakiuza unapata fungu lako. Nao watakuwa na wao, na wao watakuwa na wao. Ilikuwa biashara mpya, hakuna aliyewahi kuona ya namna hiyo, na Prewitt aliichora ubaoni kwa viduara vinavyoshuka hadi chaki ikaisha. Zamani tajiri ndiye aliyekula jasho la maskini. Sasa maskini alikuwa ameruhusiwa kula jasho la maskini mwenzake, na tajiri akakaa pembeni akishika sahani.

Verna alipanda basi hadi upande wa pili wa reli, kwenye nyumba zenye majani yaliyokatwa sawasawa. Alibisha nyumba ya kwanza, hakuna mtu. Ya pili, mbwa. Ya tatu pazia lilifunguka kidogo, likafungwa, na hajafika nyumba ya tano gari la polisi likasimama kando yake. Polisi mwenyewe alikuwa kijana mnene anayetafuna ubani.

"Mama, umealikwa mtaa huu?"

"Nialikwe na nani, afande? Nimekuja kubisha hodi."

"Ndilo kosa lenyewe. Mji huu huruhusiwi kubisha mlango wa mtu kumuuzia kitu kama hajakuita. Kibali kiko wapi?"

"Kinatolewa wapi?"

"Ofisi ya mji. Dola kumi, picha mbili, na alama za vidole."

"Basi niende sasa hivi."

"Leo Jumamosi, wamefunga. Jumatatu."

"Alama za vidole? Kwa vidonge vya majani? Kwani nimeua mtu?"

"Mimi sheria sikuitunga, mama. Wenye maduka ndio walioiomba." Alitema ubani ndani ya karatasi, akaikunja vizuri na kuitia mfukoni, maana kutupa taka nako kulikuwa na faini. "Kituo cha basi ni pale. Nakusubiri upande."

Akamsubiri kweli. Watu wawili waliokuwa wakiosha gari waliacha kuosha wakamtazama, na Verna alijisikia mchafu kama aliyekamatwa na kuku wa watu chini ya gauni.

Aliposhuka upande wa kwao alimpigia simu Prewitt kutoka kituo cha mafuta. Prewitt alicheka kicheko kirefu, cha mtu aliyekwisha kunywa chai.

"Verna, Verna! Sheria inakataza milango ya wageni. Nitajie sheria inayokataza mlango wa shangazi yako."

"Niliapa sitawauzia watu wangu, Bwana Prewitt."

"Ndiyo maana umekwama. Kampuni hii imejengwa juu ya watu wetu, dada. Mgeni atakuuliza maswali, ndugu haulizi. Una ndugu mgonjwa?"

Verna alitazama maboksi ndani ya mkoba.

"Yupo, sivyo? Basi. Saa kumi na moja, usichelewe, nimekwisha mwambia mtu alete keki."

Ndugu mgonjwa alikuwa Oleta, dada yake Loyd. Alikaa mitaa miwili tu kutoka kwao, kwenye nyumba ya mbao ambayo yeye na marehemu mumewe waliijenga kwa mikono yao, mbuzi wawili uani. Verna alimkuta kibarazani, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Ilikuwa imevimba hadi magotini, na uso nao ulikuwa umefura chini ya macho.

"Wifi!" Oleta alipiga kelele. "Umevaa hivyo unakwenda kuolewa tena? Kaka yangu amekufa?"

"Bado. Nimemwacha anakula maharage."

"Basi hafi leo. Kaa hapo. Mbona umenuna?"

Verna alikaa. Alimweleza ya polisi, na Oleta akacheka mpaka maji ya beseni yakamwagika. "Wakuchukue alama za vidole! Hivyo vidole viligongelea ndege zao!" Kisha akanyoosha mkono kuelekea mkoba. "Hebu nione. Unawauzia watu wa mbali, sisi unatuona nini?"

Hapo Verna angeweza kufunga mkoba. Badala yake alikitoa kitabu cha kijani, akafungua ukurasa wa figo, akasoma. Oleta hakusoma sana shuleni, alikuwa akisikiliza huku midomo yake ikifuata maneno. Kitabu hakikusema moja kwa moja kwamba vidonge vinaponya. Kilisema mwili hujitibu wenyewe ukipewa chakula chake, kikataja magonjwa arobaini na ushee, ya figo yakiwamo.

"Sasa ona," Oleta alisema. "Daktari anataka dola kumi na nane Jumatatu, anikojoleshe kwenye chupa na kunidunga sindano. Ninazo ishirini kwenye kopo, nimezimenya kwenye lozi kiwandani tangu Agosti. Kumi na nane kwa siku moja! Na hii ya kwako ni mwezi mzima."

Nenda kwa daktari, wifi. Maneno hayo yalifika kwenye meno ya Verna yakakaa hapo. Yeye mwenyewe alikuwa ameacha kumeza vile vidonge mwezi wa pili, kwa sababu kila alichomeza hakuweza kukiuza. Aliona haya, haya ya kweli, iliyomchoma masikio. Kisha akaiona ile saa kumi na moja, akawaona wateja ishirini na nne wakiondoka kwa mkupuo mmoja.

"Kitabu kinasema mwili hujitibu wenyewe," alisema.

"Ukisema wewe inatosha," Oleta alijibu, akamtuma ndani akalete kopo la kahawa juu ya jiko.

Verna aliandika jina lake kwenye mstari wa mwisho wa fomu. Kabla ya kuondoka akamkaribisha mkutanoni, kwa sababu kanuni zilisema kila mteja mpya akaribishwe. Kulikuwa na keki, alimwambia.

Mkutano ulikuwa katika ukumbi wa chama cha maseremala, uliokodiwa kwa saa mbili. Walijaa watu sitini hivi, karibu wote wa kwetu, wa Arkansas na Oklahoma, wanawake wengi kuliko wanaume. Prewitt alipokea bahasha ya Verna, fomu na pesa za Oleta ndani, akahesabu, akazitia pesa mfuko wa ndani wa koti. Akamwita mbele na kumbandika beji ya shaba kifuani. Makofi yalipigwa. Verna alitafuta mahali pa kuangalia, akaangalia keki.

"Sasa," Prewitt alisema, na sauti yake ikashuka ikawa ya mchungaji, "nani ana ushuhuda?"

Anayetaka kutuelewa lazima alijue jambo hili. Katika makanisa yetu mgonjwa hangojei apone ndipo ashuhudie. Anasimama kwanza, na homa yake mwilini, anatangaza mbele ya watu kwamba amekwisha pona, na uponyaji unamfuata. Ndiyo imani. Na aliyekwisha shuhudia akaonekana kwa daktari, huyo amemwita Mungu mwongo. Watu wa California hutucheka kwa hilo, lakini ndilo lililotuvusha miaka ya vumbi, upepo ulipopeperusha mashamba yetu tukahamia huku, wakati hatukuwa na daktari wala pesa ya kumlipa. Prewitt, aliyekuwa akiuza piano kabla ya hapo, alilijua vizuri kabisa.

Oleta alisimama safu ya nyuma. Alikuwa amevaa ndala za marehemu mumewe, kwani viatu vyake havikumwingia.

"Mimi ni Oleta Sparks, wifi yake huyo mwenye beji. Leo mchana nilifungua boksi langu nikameza vinne. Nilikuwa na ugonjwa wa figo." Akainua mkono. "Nawaambieni, nimepona!"

"Amina!" ukumbi ulijibu, na mzee mmoja akapiga mguu sakafuni. Wanawake watatu walinyoosha mikono kabla hata Prewitt hajauliza nani anataka kuuza.

Prewitt aliinama kwenye sikio la Verna. "Hao ni wako. Wote watatu, chini yako. Umeona ilivyo rahisi?"

Verna aliiangalia ile miguu, nyama yake imefurika juu ya ndala. Alijichukia, na chuki hiyo ndiyo iliyompa sauti.

"Hajapona!" alisema. "Wifi, hujapona. Jumatatu unakwenda kwa daktari."

Mtu mmoja aliteremsha kikombe chake taratibu. Prewitt hakutikisika hata kidogo. Aliweka mkono begani mwa Verna, akatabasamu kwa watu wote.

"Mnaona? Kampuni gani nyingine ina watu wanaopendana namna hii? Mwenye duka gani amewahi kukuuliza hali ya figo zako?"

Wakacheka kwa kutua mzigo, kisha wakapiga makofi kuliko ya mwanzo. Mkono wa nne ukanyooshwa.

"Nirudishie pesa zake," Verna alimwambia kwa sauti ya chini. "Nitakurudishia boksi."

"Limefunguliwa, Verna," Prewitt alijibu bila kuacha kutabasamu. "Kanuni unazijua, ulizisaini."

Verna alishuka akapita katikati ya viti hadi nyuma. Oleta alikuwa ameketi, macho chini, uso umemwiva kwa aibu.

"Umenifanya mwongo mbele za watu."

"Nifanye mimi mwongo. Chukia unavyotaka. Lakini Jumatatu utakwenda kwa daktari."

Oleta aliinua uso. Hakumwita wifi.

"Kwa hela gani, Verna?"

Kule mbele Prewitt alikuwa akigawa kalamu.