Mchezo Ambao Sikio Hakuucheza

Watu walimwita Sikio, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Alikuwa na ukurasa mtandaoni wa habari za michezo ya kompyuta, na kampuni yoyote ilipokuwa ikipika kitu kwa siri, harufu ilimfikia yeye kwanza. Mchana alitengeneza printa na kompyuta mbovu katika kibanda kilichobanwa kati ya fundi saa na duka la miwani, jioni aliandika. Wasomaji walimwamini kwa sababu hakuwa mtu wa kupiga chuku. Alisema habari ya mtu mmoja ni umbea, ya wawili ni fununu, ya watatu ndiyo habari, na kanuni hiyo haikuwahi kumtupa.

Aliishi na mama yake na dada yake mkubwa katika nyumba iliyotazamana na ukuta wa kiwanda cha magodoro. Dada alikuwa mchoraji katika kampuni ndogo ya michezo. Kwa miaka alikuwa akichora mchezo mmoja tu, na zaidi ya jina lake, ambalo kampuni ilikwisha kulitangaza, Sikio hakujua lolote. Wafanyakazi wote walitia saini mkataba wa kutunza siri, na dada alikuwa mtu wa neno lake. Mwanzoni Sikio alimchokonoa kwa utani. Dada akamwambia akiendelea atamtafutia mke mwenye mdomo mkubwa kuliko wake, waone nani atamsikiliza nani. Mama alicheka mpaka akashika mbavu, na mambo yakaishia hapo.

Kisha kampuni ikafanya majaribio ya siri. Iliwaalika wachezaji kadhaa waucheze mchezo kabla haujakamilika, kila mmoja akiahidi kutotoa nje alichokiona. Haikupita siku nyingi, mtu aliyejiita Mjusi akamwandikia Sikio. Alisema mchezo haufai. Unakwama kila hatua, mapigano yamelala, mhusika ukimwambia aende kulia anafikiri kwanza kama mzee anayetafuta miwani.

Sikio hakukimbilia kuandika. Alitafuta wengine, akampata mmoja aliyejiita Kisu Butu na mwingine aliyejiita Bibi Harusi. Wote wawili walisema yale yale. Watatu walikuwa wametimia.

Usingizi ulikuwa mgumu kwake wiki ile. Kuandika ni kumchoma dada yake. Kunyamaza ni kuwauza wasomaji waliomwamini. Mwisho akamfuata dada jikoni, akamkuta anaosha vyombo.

"Dada, nimeletewa habari za mchezo wenu," alimwambia. "Wanasema unakwama, hauchezeki. Kama ni uongo, niambie tu ni uongo. Sitaandika."

Dada alifunga bomba. Alikausha mikono taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Wewe umeucheza?"

"Sijaucheza. Lakini watu watatu wameucheza."

"Mimi nimetia saini, mdogo wangu. Siwezi kusema ndiyo, siwezi kusema hapana. Hata nikikohoa nitakuwa nimesema."

Akafungua bomba tena. Sikio alisimama pale kidogo, akiutazama mgongo wake. Kama habari zingekuwa za uongo, alijiambia, mtu na damu yake asingeshindwa kutikisa kichwa. Kimya nacho ni jibu. Akarudi chumbani akiwa na mashahidi wanne.

Makala yake ilienea kama moto kwenye majani makavu. Watu ambao hawakuwahi kulisikia jina la mchezo ule walianza kuucheka. Walichora vikatuni vya mhusika aliyesimama njia panda mpaka akaota ndevu. Kampuni haikuweza kujitetea bila kuonyesha kilichokuwa bado kinafichwa. Ilisema tu kwamba majaribio ni majaribio, na maneno hayo yakachekwa pia. Msambazaji aliyekuwa ameahidi kuupeleka mchezo sokoni akajitoa. Alisema huenda mchezo ni mzuri, lakini kitu kilichokwisha chekwa hakiuziki.

Jioni moja dada aliweka kijiko chini na kusema kampuni inafungwa. Mama, ambaye hakuwa na habari na mambo ya mtandaoni, aliuliza nani amewafanyia hivyo.

"Watu waliosikia vibaya, mama," dada akajibu, na akaendelea kula bila kumtazama mtu.

Kesho yake Sikio alifanya kile ambacho angepaswa kukifanya mwanzo. Aliwauliza wale watatu, mmoja mmoja, mambo madogo madogo: mchezo unaanzia wapi, mlango wa kwanza una rangi gani, sauti gani inasikika. Mjusi alijibu bila kusita. Kisu Butu alileta maneno ya Mjusi, hata kosa la tahajia akalibeba lilivyo. Bibi Harusi alibanwa kidogo tu akakiri kwamba hakuwahi kualikwa. Kisu Butu ndiye aliyemsimulia, na Kisu Butu alisimuliwa na Mjusi.

"Sikukudanganya," Bibi Harusi aliandika. "Uliniuliza kama mchezo unakwama. Nami nilijua unakwama, kila mtu alikuwa anajua."

Mashahidi watatu, kinywa kimoja.

Alimweleza dada yote, akiwa amesimama mlangoni pa chumba chake kama mgeni. Dada alikuwa akikunja nguo. Hakushangaa, wala hakupandisha sauti.

"Ulipotoka jikoni siku ile nilijua unakwenda kuandika," alisema.

"Mbona hukunizuia?"

"Ningekuzuia vipi, kwa kuvunja kiapo? Wenzangu wote walikuwa wanakula kwa kiapo kile." Alinyoosha mkono wa blauzi, akaukunja. "Nilidhani unanijua mimi kuliko unavyowajua wao."

Siku ya mwisho ya kazi, wafanyakazi waliruhusiwa kuleta jamaa zao wauone mchezo kabla mitambo haijazimwa. Dada alimchukua mama. Sikio hakutarajia kualikwa, lakini mama alimshika mkono na kumvuta, na dada hakukataa.

Ofisi ilikuwa nusu tupu. Viti vilipandishwa juu ya meza, ukutani zilibaki alama za gundi palipokuwa na picha. Fundi wa mitambo, mtu mpole mwenye macho mekundu, aliwakalisha mbele ya skrini. Sikio akamuuliza kuhusu yale majaribio. Fundi alieleza bila kinyongo, maana hakujua anaongea na nani. Jioni ile waliibebesha mitambo mzigo makusudi, wakaongeza na kuongeza, ili waone itavunjikia wapi. Ilivunjika walipotarajia, wakapajua, wakapatengeneza. Wachezaji walikwisha ambiwa kwa maandishi kwenye ukurasa wa kwanza kabisa kwamba leo mchezo utakwama. Ila nani husoma ukurasa wa kwanza?

Kwa hiyo Mjusi naye hakusema uongo. Alikwamishwa, akasema amekwama.

Sikio akacheza. Ulikuwa mji uliozama majini, na mtu alitembea ndani yake nyumba kwa nyumba akiwatafuta waliobaki. Haukuwa bila kasoro. Kuna mahali kivuli kilimwacha mwenyewe na kwenda zake. Lakini haukukwama, na mapigano yalikuwa mepesi. Mama alicheka samaki walipopita dirishani. Katika jiko moja aliona pazia, akauliza kama hilo si pazia lao la zamani, na dada akasema ndilo. Sikio aligundua kwamba muda wote huo amesahau kwamba yuko kazini kwa watu.

Alikuwa anapanda ngazi za mnara mle mchezoni fundi alipoomba radhi na kuzima. Maandishi yakasema muunganisho umekatika. Hakuna aliyeinuka haraka.

Sikio aliandika makala ya kujirekebisha, ndefu, bila kujificha. Akaeleza jinsi watatu walivyokuwa mmoja, na mmoja huyo alichokiona ni nini hasa. Wachache waliisoma. Mtu mmoja alifukua kwamba mchoraji wa kampuni ile ni dada yake, na tangu hapo ikawa wazi kwa kila mtu: dada kamlilia, kaka kageuza maneno. Maji yalikwisha mwagika. Mjusi alifungua ukurasa wake mwenyewe, akapata wafuasi wengi. Sikio akaacha kuandika, akabaki na printa zake.

Dada alipata kazi mji wa mbali, kuchora maboksi ya bidhaa. Hupiga simu kumjulia hali mama, na mama, ambaye mpaka leo hajaelezwa kilichotokea, humpa Sikio simu waongee kidogo. Huulizana habari za goti la mama. Siku moja Sikio alijipa moyo, akamuuliza dada siku hizi anachora nini.

"Sabuni," dada akasema, na akaomba arudishiwe mama.